Mwaka Niliotia Chumvi Kisimani

Kwenye arobaini ya Bi Somoe, nyumbani kwa mjukuu wake pale Magomeni, binti mmoja aliyekuwa akigawa pilau alinitazama, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya pili ambayo sikuiomba. Akachuchumaa mbele yangu. "Shikamoo bibi. Samahani, eti ni wewe yule mwalimu aliyetia chumvi kwenye kisima cha bibi yetu?" Wanawake niliokaa nao mkekani wakaacha kutafuna. Nikaitikia marahaba, nikamwambia ndiyo, ni mimi mwenyewe, ila chumvi yenyewe sikuinunua dukani. Tulicheka sote, lakini niligundua kwamba hakuna hata mmoja pale aliyejua kilichotokea. Mmoja alisikia kwamba nilimwaga gunia zima la chumvi ya mawe kwa hasira. Mwingine alisikia kwamba sisi watu wa uwandani tuna dawa ya kuharibu visima vya wenzetu. Hadithi ikikaa miaka hamsini bila mwenyewe huota mikia. Bi Somoe aliyeweza kuikata mikia hiyo ametangulia, Mungu amrehemu, nimebaki mimi, na mimi nina miaka sabini na mitatu na magoti yasiyonisikiliza tena. Kwa hiyo naieleza hapa, nikianza na kosa langu, maana nilifundisha watoto miaka thelathini na minne kwamba jibu lisiloonyesha njia halipati alama zote.

Habari za kwetu nitaziruka, isipokuwa moja, kwa sababu bila hiyo kosa langu halieleweki. Nimekulia Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, ambako ardhi humeza mvua yote na haibakizi hata dimbwi la kuku kunywa. Utotoni tuliteremka bondeni kuyafuata maji na kupanda nayo kichwani, na hesabu ya kwanza niliyoijua maishani ilikuwa hii: maji yako chini. Asiyeyapata hajateremka vya kutosha, au hajachimba vya kutosha. Sikuwahi kumsikia mtu akibishana na hesabu hiyo. Nikaibeba pamoja na sanduku langu la bati hadi pwani, katika kijiji kimoja karibu na pale mto Ruvuma unapoingia baharini, nilikopangiwa kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini. Jina la kijiji nitalihifadhi, wenyewe wanakijua. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na cheti cha ualimu nilichokitoa kwenye bahasha kila jioni nikakitazama.

Nyumba za walimu zilikuwa hazijakwisha kujengwa, nikapewa chumba kwa Bi Somoe. Alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, msusi wa mikeka, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, kigoda, na dirisha dogo lililotazama uani. Uani palikuwa na jiko la makuti, kamba ya kuanikia ukili uliotiwa rangi nyekundu na kijani, na banda alimoishi Lusia na mwanawe wa miaka mitatu. Lusia alivuka Ruvuma mwaka uliotangulia, akikimbia vita vya ng'ambo. Alikuwa Mmakonde wa upande ule, mwenye chale usoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi na kushukuru tu, basi. Mumewe alibaki kule, na kabla ya kuachana alimwambia amsubiri katika kijiji hiki na si kingine. Kwa kuwa nilikuwa mtu pekee pale uani aliyeisikia lugha yake sawasawa, nikawa mkalimani wake. Jioni tulikaa watatu tukila mizizi ya ming'oko ya kuchemsha kwa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, mimi katikati, nikigeuza maneno huku na huku.

Nje ya ua, hatua kumi na tano hivi, kilikuwepo kisima. Sikukidhania kuwa kisima. Kilikuwa shimo lililozungushiwa matumbawe, kina chake hakinipiti kichwa, na maji yake yalifika gotini. Lakini mtaa mzima ulikunywa hapo, na maji yake yalikuwa matamu. Kilichonishangaza ni namna ya kuyateka. Hakuna aliyeshusha ndoo. Palikuwa na kata moja ya kifuu iliyofungwa kwenye mti mrefu, na mwanamke aliilaza juu ya maji taratibu, akaiinamisha kidogo, yakaingia yenyewe. Akishajaza ndoo moja alikwenda kukaa kivulini, mwenzake naye akangoja kabla ya kuanza. Nilipouliza sababu niliambiwa, "Kisima hakishtuliwi, Mwalimu." Nikauliza kikishtuliwa kinafanya nini. "Ndivyo tulivyokuta," akasema Bi Somoe, na alivyosema ilikuwa wazi kwamba somo limekwisha.

Shuleni nilifundisha sayansi darasa la sita. Siku ya kufundisha safari ya maji nilichora ubaoni kwa chaki za rangi: jua, mvuke unapanda baharini, mawingu, mvua juu ya milima, mto unateremka, bahari. Mishale yangu ilikuwa mizuri na kila mmoja ulikwenda mahali pake. Msichana mmoja, Mwanahawa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona mshale wa mto unakwenda upande mmoja tu? Ruvuma kwetu hurudi nyuma." Darasa likaunga mkono. Maji ya bahari yakijaa, wakaniambia, mto husimama, kisha huanza kupanda kurudi ulikotoka, na magogo yaliyopita asubuhi hupita tena mchana. Mwingine akasema hata kisima cha kwa kina Bi Somoe hupanda wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana. "Sasa Mwalimu, kama ni bahari inakipandisha, mbona maji yake si ya chumvi?" Nikawaambia wasichanganye mambo. Mwalimu anayesema hivyo huwa hajui, na watoto wanafahamu. Lakini swali lilinikaa kooni. Jioni nilifungua kurasa za nyuma za daftari langu la maandalio nikaliandika. Mpaka leo nadhani hilo ndilo jambo la maana nililofanya nusu ya kwanza ya mwaka ule, maana lililofuata lilikuwa la kijinga.

Ilipofika mwezi wa Kumi, kiangazi kilikuwa kimekaza. Maji kisimani yalishuka mpaka kwenye kifundo cha mguu, zamu zikawa ndefu, na wasichana wangu wakawa wanafika darasani saa nne, miguu imejaa vumbi, baada ya kungoja kata tangu alfajiri. Mwanahawa akakosa somo langu wiki nzima. Nikakasirika. Nilikwenda kwa Mzee Chande, mwenyekiti wa kijiji, nikamweleza kwamba dawa ni rahisi: kisima ni kifupi, tukiongeze kina. Nilimwambia kwa sauti ya darasani, na nilitumia neno sayansi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mzee Chande alifurahi. Bi Somoe hakufurahi. "Waliokichimba hawakuwa wavivu, Mwalimu," aliniambia huku akisuka. "Walifika hapo wakaacha." Nikamjibu, "Mama, maji yako chini." Alinitazama, akatazama ndoo zilizopangwa foleni, akasema mimi ndiye niliyesoma.

Walichimba siku mbili, wanaume wa mtaa na wavulana wa darasa la saba. Mzee Chande mwenyewe alipiga sururu ya kwanza. Walishuka urefu wa mtu mzima zaidi, na siku ya pili saa saba maji yaliingia kwa nguvu hata ikabidi wavulana wavutwe kwa kamba. Yalikuwa safi na mengi. Kata ikatundikwa ukutani kwa Bi Somoe, ikaletwa ndoo ya bati na kamba, na kila aliyefika aliteka atakavyo, pasipo kungoja mtu. Wasichana wakafika shule kengele ikilia. Nilivimba kichwa, sifichi. Nilipopita njiani wanawake waliniita "Mwalimu wetu," na mimi nilipunguza mwendo ili waniite tena.

Siku ya tano Lusia aliteka, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni. Akaniambia kwa Kimakonde, kwa upole, kwamba maji haya yana bahari ndani yake. Nikaonja. Sikusikia kitu. Wanawake sita au saba walikuwa wamesimama hapo wakauliza mwenzetu anasema nini, na mimi nikawageuzia maneno yake kwa sauti, huku nacheka: "Anasema bahari imeingia kisimani." Wakacheka hadi mmoja akamwaga maji yake. Lusia naye alitabasamu, kwa kuwa aliona mimi nacheka. Nimetenda makosa mengi maishani, lakini tabasamu lile ndilo ambalo bado linanichoma.

Wiki moja na nusu baadaye chai ya Bi Somoe ilikuwa na ladha mbaya. Alidhani amekosea mkebe. Siku iliyofuata sabuni ikagoma kutoa povu. Siku ya tatu hapakuwa na ubishi: kisima kilikuwa cha chumvi, na kila walipoteka zaidi kilizidi. Na hapo mtu akakumbuka. Nani alisema bahari imeingia kisimani, kabla ya mtu yeyote kuihisi? Alijuaje? Maneno yalizunguka mtaa kwa nusu siku, na yaliporudi yalikuwa yameota miguu: yule wa ng'ambo amekifanyia kitu kisima, na alijisemea mwenyewe, Mwalimu shahidi. Hakuna aliyekumbuka sururu. Nani angeikumbuka, wakati karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyeishika? Lusia akakatazwa kusogea kisimani, kisima ambacho hakikufaa tena hata kufulia. Mzee Chande akaitisha mkutano Jumapili. Nilimsikia akimwambia Bi Somoe mlangoni, "Tutaomba wampeleke kambini, kwa wakimbizi wenzake. Si vita, dada yangu. Ni kutuliza watu." Nikaingia bandani nikamgeuzia Lusia maneno hayo, maana ndiyo kazi yangu. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: mume wake akija na kumkosa, nani atamwonyesha njia.

Kufikia hapo nilikuwa naogopa jibu. Lakini swali la Mwanahawa lilikuwa bado liko kwenye kurasa zangu za nyuma, na udadisi ni kitu cha ajabu, hukusukuma hata kwenye jambo linalokuumbua. Jumamosi asubuhi nilikaa na Lusia kizingitini, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ile badala ya kucheka: ulijuaje? Akashangaa kwamba ni swali. Kwao, alisema, walikunywa mto karibu kabisa na mdomo wake. Bahari ikijaa hupanda mtoni, lakini haipandi juu, hupita chini kwa chini kwa kuwa ni nzito, na maji ya mto hubaki juu yake. Kwa hiyo mtungi hauzamishwi. Unauinamisha juujuu, unaonja, ndipo unajaza. Mtoto akiuacha mtungi uzame hupigwa, kwa sababu ameyaleta ya chini. Alikua akionja kila siku, na ulimi wake ulijua bahari hata ikiwa chembe. Aliongea taratibu, huku akimmenyea mwanawe ming'oko, na mimi nilikuwa nimeshasimama bila kujijua.

Nilikwenda ufukweni nikaleta chupa ya maji ya bahari. Jikoni kwa Bi Somoe nilichukua bilauri ya chai, nikaitia maji hayo nusu. Kwenye kikombe nikachanganya maji ya mtungi, yaliyobaki ya siku nzuri, na rangi nyekundu ya ukili kidogo. Nikayamimina juu ya kijiko, tone kwa tone, Bi Somoe akinung'unika kwamba naichezea rangi yake. Kisha akasogea karibu. Maji mekundu yalikaa juu, meupe chini, na katikati palikuwa na mstari. Yalikuwa yamegusana na hayakuchanganyika. Nikakata bua la jani la mpapai, lile watoto wanalofanyia mrija, nikalishusha kidogo tu na kunyonya polepole: matamu. Nikalizamisha: bahari. Nikainua macho kuelekea dirishani, nikakitazama kisima, na nikaona mchoro wangu wa ubaoni ulipungukiwa wapi. Mvua haiishii mtoni. Nyingine huzama mchangani na kukaa chini ya miguu yetu, juu ya mgongo wa bahari iliyopenya huko chini, na bahari ikivuta pumzi na yenyewe hupanda na kushuka. Waliokichimba kisima kile walichimba kwenye maji ya mvua wakaacha. Kata ilinyonya juu. Mimi nikaja na hesabu ya Newala. "Haya, Mwalimu," Bi Somoe akasema, akiwa ameinamia bilauri. "Nani aliyeuzamisha mrija?" Nikasema ni mimi. "Basi kesho ukawaambie wewe. Nikisema mimi watasema namtetea mpangaji wangu."

Usiku ule nilifikiria kuomba uhamisho. Nilifikiria pia kwamba pengine mkutano ungemalizika vyema bila mimi, na aibu hiyo nayo naiandika kwa sababu ni sehemu ya njia ya jibu. Jumapili nilisimama mbele ya watu, kwenye baraza la ghala la korosho, nikiishika bilauri kwa mikono miwili mstari usivurugike. Niliwaeleza. Nilimwomba Mzee Chande anyonye juu, akanyonya, akatikisa kichwa kukubali. Nikamwomba azamishe, na sura aliyoikunja ilifanya watoto waliopanda dirishani wacheke. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na huyu mwanamke alijuaje kabla yetu?" Nikamjibu, "Kwa ulimi. Aliwaambia siku ya tano. Alikuwa anatuonya, na mimi niliyemgeuzia maneno niliyageuza kuwa mzaha. Kosa la kwanza ni langu, na la pili ni langu." Kisha mzee mmoja akauliza, polepole, kama bahari kweli iko chini ya msikiti pia. Nikamwambia naamini iko. Watu wakatazama chini, pale walipokanyaga, na mimi pia nikatazama. Mzee Chande akasafisha koo. "Mwalimu asijitwishe peke yake," akasema. "Sururu ya kwanza ilikuwa yangu." Habari ya kambini haikutajwa tena.

Bi Somoe ndiye aliyesema turudishe. Tulijaza shimo kwa mchanga na kokoto mpaka kwenye alama ya kuvu ya kijani iliyokuwa kwenye matumbawe, pale maji ya zamani yalipofika. Ndoo ya bati ikaondolewa. Halafu hapakuwa na la kufanya ila kungoja mvua. Miezi mitano mtaa mzima uliteka kwenye bwawa la mashambani, mwendo wa saa nzima kwenda, na mimi pia, shingo ikiuma. Wanawake hawakuniacha. "Mwalimu, vipi, huko chini hakuna maji?" mmoja angeuliza, na msafara wote ungecheka. Wasichana wangu walichelewa zaidi ya mwanzo, na kwa ajili yao nilianza kufundisha njiani, nikitembea, ndoo kichwani. Nilimpa Mwanahawa jibu la swali lake kwenye mteremko wa bwawa. Alifikiri, akasema, "Kwa hiyo tulikuwa tunakunywa mvua." Sijapata mwanafunzi mwingine aliyelisema kwa maneno machache hivyo.

Lusia alikaa pale hadi nchi yake ilipopata uhuru, kisha akarudi. Mumewe sikupata kumwona, na barua aliyoniahidi haikunifikia. Nilipohamishwa, kabla hajaondoka, sikumwomba msamaha kwa maneno, na sina hakika kama kwa Kimakonde ningeyapata. Lakini ninayo siku moja ya mwezi wa Tatu, mvua ikiwa imenyesha wiki nyingi, Bi Somoe alipoishusha kata kutoka ukutani. Mtaa ulikuwa umejipanga na ndoo. Kwa desturi mwenye kisima ndiye huonja kwanza. Bi Somoe aliilaza kata juu ya maji, akaiinamisha, akaipandisha, na badala ya kuipeleka mdomoni mwake akaigeuza upande wa banda. "Lusia. Onja wewe."

Alionja kwa ncha ya ulimi. Watu wote walimtazama, na mimi nilitamani kwa moyo wangu wote aseme yamekuwa matamu, yaishe. Akasema kwa Kiswahili chake, "Bado." Nikangoja manung'uniko. Watu waliinua ndoo zao tupu na kwenda bwawani. Siku kumi baadaye akaonja tena, akasema, "Bado kidogo," na wakaenda tena bwawani, wengine wakimuaga kwa jina. Mara ya tatu aliinywa kata yote, akafuta mdomo, akaomba nyingine.